Wikendi ya mvinyo na mlenda Dodoma: tupo wanne, tuna siku mbili na nusu, tupangieni

Mama Kibubu (mleta mada)

Habarini wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Tupo wanawake wanne hapa Tabata. Mwaka mzima kila Ijumaa tumekuwa tukidumbukiza chochote kwenye kibubu, na mwezi huu tunakivunja. Kawaida yetu ni Zanzibar, lakini Zanzibar tumeshakwenda mara mbili na mara zote tumerudi na madera tu. Safari hii mmoja wetu kaja na hoja: kila sherehe tunakunywa waini ya Dodoma, je, kuna hata mmoja aliyewahi kuuona mzabibu umesimama shambani? Tukacheka, halafu tukanyamaza, maana hakuna.

Kwa hiyo tunakuja huko. Kuondoka Ijumaa mchana, kurudi Jumapili jioni, wikendi ya mwisho ya Agosti. Tunataka kula vizuri, kunywa taratibu, kuona shamba. Klabu hatutaki. Bajeti ni ya kibubu, si ya mheshimiwa.

Mwenzetu mmoja ni mtu wa swala tano, hanywi na hataki kushawishiwa. Asije akakaa pembeni siku tatu anatushikia mikoba.

Wale wa "kwani Dodoma kuna nini" naomba wapite kimya kimya.

Chupa Nusu

Dada, nikuokolee hela yako. Waini ya Dodoma ni sukari. Nimejaribu chupa sita tofauti na zote ni juisi iliyochangamka. Nunueni chupa za Afrika Kusini supamaketi, kaeni Coco Beach, kibubu kitabaki.

Kaka wa Area D

Mkuu Chupa Nusu, kaambiwa apite kimya kimya nani?

Mama Kibubu, karibu. Nipo huku tangu 2019, nililetwa na uhamisho nikilia, sasa sitoki. Kabla ya chakula na vinywaji, tuanze na kalenda, maana hapo ndipo wageni wengi wanapoumia. Mji huu unapumua kwa Bunge. Aprili hadi mwisho wa Juni ni bajeti, chumba cha maana hukipati, ukikipata bei imepanda. Mwishoni mwa Agosti kuingia Septemba mara nyingi huwa kuna mkutano mwingine mfupi. Angalieni ratiba ya Bunge kwanza, halafu ndiyo mlipie chumba. Mkigongana nao, tafuteni gesti za Kisasa, Ipagala au Ilazo badala ya hoteli za katikati.

Usafiri: pandeni SGR. Treni zilianza kufika Dodoma Julai 2024, na tangu hapo basi nimeliachia wenye mizigo. Chini ya masaa manne mmefika. Mara ya mwisho nililipa 31,000 daraja la kawaida. Tiketi za Ijumaa mchana zinaisha mapema, msingoje wiki ya safari. Na beba kitambulisho chako.

Halafu sweta. Watu wa Dar mnakuja na vimikono vya kamba, jioni ya Agosti huku upepo unakukata masikio.

Mpogoaji

Habari za humu. Mimi ni mkulima wa zabibu upande wa Makutupora, nina ekari mbili na madeni. Nimeuona uzi nikasema leo nichangie.

Mama Kibubu, wakati mliouchagua ni mzuri hata kama hamkujua. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Ulaya unalazwa na baridi, majani yanapukutika, ukiamka ni msimu mpya. Wa kwetu haujui baridi hiyo, kwa hiyo tunauamsha wenyewe kwa mkasi. Ukipogoa, unahesabu kama miezi minne, unavuna. Mavuno ya kwanza yanaangukia Februari na Machi, katikati ya mvua. Hapo ni vita: ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, dawa kila mara, na zabibu inakunywa maji, sukari inashuka. Mavuno ya pili ni Agosti na Septemba. Kiangazi kikavu, jua kali mchana, baridi usiku. Hiyo ndiyo zabibu yenyewe. Ukiiminya kiganjani, vidole vinagandana kama umeshika asali.

Sasa nimjibu ndugu Chupa Nusu bila hasira. Utamu unaoulalamikia hautoki kwenye udongo wetu. Ni uamuzi wa anayetengeneza. Chachu ikiachiwa iile sukari yote, unapata drai, isiyo na utamu. Ikikatizwa njiani, au mvinyo ukatiwa utamu baadaye, unapata hiyo juisi yako iliyochangamka. Na inatengenezwa tamu kwa sababu ndiyo inayonunuliwa: harusi, kipaimara, Krismasi, watu wanataka tamu. Wewe ulinunua chupa sita, ngapi ziliandikwa drai?

Chupa Nusu

...mbili. Labda moja.

Mpogoaji

Haya.

Kwa aina za zabibu, kuna Chenin Blanc kwa nyeupe, kuna Syrah, na kuna Makutupora Red ambayo ndiyo mama mwenye nyumba hapa. Tafuteni drai za hizo. Ila raha si chupa. Mkija nitawaonyesha mchuzi.

Mama Kibubu

Kaka yangu, mchuzi wa nini tena? Wa nyama?

Mpogoaji

Hahaha, hapana dada. Mchuzi wa zabibu. Zabibu ikishakamuliwa na kuwekwa kwenye tangi ikaanza kuchacha, mpaka inakuwa mvinyo ambao haujachujwa wala kuwekwa kwenye chupa, sisi huku tunaiita mchuzi. Wakulima wengi tumejifunza kuukamua kwa lazima. Zabibu haingoji mtu. Mahindi mnunuzi asipokuja unaweka ghalani. Zabibu ikiiva na gari la kiwanda lisipofika, siku chache tu unaangalia pesa inageuka siki ikiwa juu ya waya. Ukikamua ukaweka kwenye tangi, unaweza kumsubiri mnunuzi. Kuna mwaka nilisubiri miezi saba. Sitasema ni nani aliyenifanya nisubiri.

Mzee wa Kikuyu

Wanangu, hamjambo. (Kikuyu ni mtaa wetu hapa Dodoma, isije mtu akaniuliza habari za Kenya.)

Mnasema waini, mnasema mvinyo. Sisi tulioanza nayo tuliita divai, na ilikuwa ya misa. Mizabibu ililetwa na mapadre wa Kiitaliano pale misheni ya Bihawana, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mimi nilikuwa mtoto wa altare. Padre alikuwa anahesabu vishada kwa sababu yetu. Nyerere alipokuja kusisitiza kilimo hiki baada ya Dodoma kutangazwa makao makuu mwaka 1973, watu walilima kwa nguvu kweli. Kukawa na kiwanda cha umma. Miaka ya 1990 kikafa, na niliona kwa macho yangu jirani yangu anang'oa mizabibu yenye umri wa miaka kumi na mitano, anapanda mtama. Aliing'oa huku hasemi neno.

Mkija, Jumapili piteni Bihawana. Ni barabara ya Iringa, si mbali na mji. Hata asiye Mkatoliki hafukuzwi.

Mama Kibubu

Shikamoo mzee. Asante sana, tutapita.

Binti Mgogo

Mbukwenyi!

Mnazungumza mvinyo weee, chakula kimya. Nisikilizeni. Mtu akija Dodoma akala chipsi kuku, amekuja Dodoma kufanya nini?

Mnachotakiwa kula ni ugali wa uwele au wa mtama na mlenda. Si ule mlenda wa bamia mnaoujua nyie wa pwani. Huu unatoka porini. Mvua zikinyesha, majani yanachumwa, yanaanikwa, yanatwangwa yanakuwa unga wa kijani unaokaa mwaka mzima. Kiangazi kama hicho cha Agosti ndicho chakula. Unachemsha maji na magadi kidogo, nyanya, unatia unga wa mlenda huku unapekecha, wengine wanaweka karanga za kutwanga. Unavutika. Ukichota tonge unalizungusha mkono ili uzi ukatike, ukishindwa unaonekana mgeni mpaka mezani pa jirani.

Pembeni kuku wa kienyeji wa kuchemsha, na maziwa ya mgando. Dada yenu asiyekunywa hapo ndipo atakapowashinda nyote.

Hotelini hamtakipata, au mtakipata kimepoa. Shangazi yangu yupo Mpunguzi, mbele ya Bihawana kwenye barabara hiyohiyo ya Iringa. Anapika kwa watu wakimwambia siku mbili kabla. Njoo inbox.

Chupa Nusu

Mlenda na waini? Jamani.

Binti Mgogo

Kwani nimekuambia unywe? Ila kwa kuwa umeuliza: nyeupe drai, iliyopozwa. Mlenda unateleza na una chumvichumvi ya magadi, ile ukali wa waini unasafisha ulimi, unaanza upya. Nyekundu usiilete karibu na mlenda. Nyekundu ni ya mbuzi.

Kaka wa Area D

Tukishafika kwenye mbuzi, Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato. Hili wala halina mjadala. Unachagua paja au mbavu kwenye kamba, inapimwa, unampa mchomaji, unakwenda kuzunguka kuangalia ng'ombe na mitumba, unarudi kama saa moja baadaye na bado atakwambia "dakika kumi, bosi". Nyama inakatwa juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni, ugali au ndizi. Nendeni na maji ya kunawia na moyo wa subira. Vumbi lipo. Nguo nyeupe ziacheni Tabata.

Bajaji ya Nkuhungu

Bajaji ni ya mjini tu. Kwenda Makutupora au Mpunguzi kodini gari dogo na dereva kwa siku nzima, mgawane wanne. Na muafikiane bei KABLA, pamoja na mafuta. Halafu dereva asionje. Nimemaliza.

Mama Kibubu

Asanteni sana wadau, naandika kwenye daftari. Rasimu yangu ndiyo hii, ikosoeni:

Jumamosi asubuhi Hombolo kuona viwanda, mchana Mpunguzi kwa shangazi, jioni Msalato nyama. Jumapili asubuhi Makutupora kwa kaka Mpogoaji, kisha Bihawana, kisha Chinangali nimeona kuna shamba kubwa la zabibu, kisha treni.

Kaka wa Area D

Mama, umepanga ziara ya waziri.

Mji upo katikati na barabara zinatoka kama vidole. Makutupora na Msalato ni kidole kimoja, barabara ya Arusha kaskazini. Bihawana na Mpunguzi ni kingine, barabara ya Iringa kusini. Hombolo ni mashariki, unaingilia Ihumwa, na ni mwendo. Chinangali ipo Chamwino, barabara ya Dar. Rasimu yako inavuka mji mara nne kwa siku mbili. Mtaona lami tu.

Siku moja, kidole kimoja. Jumamosi: alfajiri shambani Makutupora, mchana mnarudi mnashukia Msalato kwenye nyama, jioni mjini, mnapumzika, mnafungua chupa yenu. Jumapili: Bihawana, Mpunguzi kwa shangazi, treni. Hombolo na Chinangali viacheni kwa kibubu cha mwakani.

Mpogoaji

Naunga mkono. Tena Jumamosi mfike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likipanda tunaacha kukata. Kuhusu viwanda: msifike getini tu mkategemea kufunguliwa. Pigeni simu katikati ya wiki, muulize kama wanapokea wageni, na kama wanauza chupa hapohapo. Wakisema ndiyo, chukueni jina la aliyesema.

Kuna njia ya mkato kwa mtu anayeweza kubadili tarehe: Nanenane, mwanzoni mwa Agosti, viwanja vya Nzuguni. Watengenezaji wakubwa kwa wadogo wanaweka meza, unaonja kwa kuzunguka, na kuna wa choya pia, ile rosela. Ila vyumba vya kulala vinakuwa adimu kama wakati wa Bunge.

Mama Kibubu

Tarehe haibadiliki, likizo zimeshasainiwa. Sawa, nafuta Hombolo. Imeniuma.

*

Mama Kibubu (wiki tatu baada ya safari)

MREJESHO, kama nilivyoahidi. Kaeni vizuri.

Ijumaa. Treni safi, hadi Morogoro tulikuwa tumeshamaliza karanga. Tumefika, tumekwenda kwenye loji tuliyolipia nusu kabla (siitaji, na msiniulize inbox), dada wa mapokezi akatuangalia kwa huruma. Vyumba vimepewa "wageni wa kikazi". Risiti ninayo mkononi! Akarudisha hela bila ubishi, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi, maana nilikuwa nimeshajiandaa kugomba. Kaka wa Area D ndiye aliyetuokoa kwa simu, saa mbili usiku tukapata gesti Ipagala. Safi, mashuka yana harufu ya jua, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo. Nusu ya bei ya kule.

Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu tupo shambani, tumejifunga kanga hadi kichwani kwa baridi. Nilidhani mzabibu ni mti. Kumbe ni mistari ya nguzo na waya, kimo cha kifua, na vishada vinaning'inia chini ya majani kama vitu vilivyofichwa. Mpogoaji katupa mikasi. Unashika kishada kwa chini, unakata kikonyo, unakilaza kwenye kreti, hutupi. Nilitupa kimoja, nikaangaliwa.

Mwenzetu asiyekunywa, mkitaka kujua, ndiye aliyekata kuliko wote. Kreti tatu, mimi moja na nusu. Mama mmoja kibarua alimuuliza kama yupo tayari kubaki hadi Septemba. Alikula zabibu mpaka akasema meno yanamuwasha, na kanunua za kubeba.

Halafu mchuzi. Nyuma ya nyumba kuna chumba cha tofali, giza, na matangi ya plastiki. Mpogoaji akaniambia weka mkono. Tangi lina joto! Hakuna moto, hakuna umeme, joto lenyewe linatoka humo ndani. Akaniambia weka sikio. Inachemka taratibu, ile sauti ya wali unaokaribia kukauka. Ndiyo chachu inakula, akasema. Akachota kwenye kikombe cha chai: zito, lina ukungu, rangi ya choya, linawasha ulimi. Si tamu wala si chungu, bado halijaamua. Kisha akatoa ya mwaka jana iliyotulia, ya Makutupora Red, drai. Tulikunywa kwenye glasi za chai tumekaa juu ya kreti, saa tatu asubuhi, wanawake wazima.

Msalato: dakika kumi za mchomaji zilikuwa dakika hamsini. Tulisamehe baada ya tonge la kwanza. Mbavu za mbuzi, mafuta yamekauka yanavunjika, na chupa tuliyobeba kwenye kikapu. Nyekundu ni ya mbuzi, Binti Mgogo, nimekubali.

Jumapili. Bihawana tulifika misa ikiwa inatoka. Mzee wa Kikuyu alikuja na fimbo na kofia, akatuonyesha upande alikokuwa anapita kuiba vishada. Hakusema sana. Alisimama pale muda mrefu kuliko sisi, tukamwacha.

Kwa shangazi Mpunguzi sina maneno. Uzi wa mlenda ulinishinda, ulinifuata hadi kidevuni, watoto wakacheka mpaka wakakimbilia nje. Nyeupe ilikuwa imepozwa kwenye mtungi, si friji, na ilitosha. Nilirudia ugali mara tatu.

Kosa letu lingine: Jumamosi jioni tulikwenda kununua chupa za zawadi sehemu moja tuliyoambiwa wanauza, tukakuta geti limefungwa. Hatukupiga simu. Tulikuwa tumeonywa. Tulinunua duka la kawaida mjini, tukakagua stempu za kodi, tukazifunga kwenye magazeti ndani ya sanduku la nguo. Zote zimefika nzima.

Chupa Nusu

Umenunua drai?

Mama Kibubu

Nne drai, mbili tamu za mama mkwe. Moja ya drai ni yako, njoo Tabata uichukue, uniombe msamaha mlangoni.

Chupa Nusu

Jumamosi nakuja. Na glasi yangu.

Mpogoaji

Dada, yule mwenzenu tulimaliza kuvuna wiki iliyopita, mwambie Februari tunaanza tena. Aje na buti, itakuwa tope.

Mama Kibubu

Ameshauliza nauli!

Binti Mgogo, swali la mwisho. Shangazi alinifungia unga wa mlenda kwenye mfuko wa kilo nzima. Jana nimepika, umekuwa na ladha ya sabuni na mume wangu kala kwa adabu tu. Nimekosea wapi?

Binti Mgogo

Magadi. Uliweka kiasi gani?

Mama Kibubu

Kijiko cha chakula.

Binti Mgogo

Yesu wangu. Ncha ya kijiko cha chai, dada! Uyaloweke kwanza, umimine yale maji ya juu, mchanga ubaki chini. Na usifunike sufuria, litafurika jiko zima.